Kadi ya Mama na Nyimbo Tulizozifuta

Kila msimu wa harusi ukifika, sisi ndugu wawili huulizwa swali lile lile: siku ya akina mama tupige nyimbo gani? Tunaulizwa kwa sababu watu wanajua tunapenda kukusanya nyimbo. Kila mmoja wetu ana orodha zake kwenye simu. Ipo ya kufulia, ipo ya kukandia unga wa mandazi, ipo ya boti siku bahari imechafuka, na ipo ya ile siku mume kakuudhi na hutaki kusema neno. Mara hii hatutajibu kwa kukutajieni nyimbo kumi za ukumbini. Tutakuhadithieni orodha moja ambayo hatukuipanga sisi, tukaifuta kwa mikono yetu, na mwaka jana tukaenda kuitafuta hadi Rubafu.

Mama yetu, Allah amrehemu, alikuwa Mhaya. Hapa mtaani wakimwita Bi Bukoba, ingawa kwao si mjini. Kwao ni Rubafu, upande wa Bugabo, kaskazini ya mji, ambako migomba na mibuni inateremka mpaka karibu na Ziwa Viktoria. Tukisema hivyo watu hutuuliza, kwani Wahaya Waislamu wapo? Wapo, na wa siku nyingi. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, Karagwe, kabla Speke hajapita njia ile mwaka 1861, na dini iliingia pande zile kupitia wao na kupitia Buganda. Babu yake mama alikuwa akisoma Barzanji kama watu wa hapa tu.

Mama aliletwa Unguja kwa ndoa. Kiswahili chake kilikuwa safi, na baada ya miaka michache alikuwa anasema "mwengine" na "skuli" kama sisi. Kihaya kilibaki mahali pawili tu, kwenye simu na kwenye nyimbo. Akipigiwa simu na dada yake mkubwa alikuwa anapiga magoti jikoni, simu sikioni, huku anasalimia. Yule dada yupo zaidi ya kilomita elfu moja, hamuoni, na mama kapiga magoti! Tulikuwa tunacheka mpaka tunalia. Hatukuwahi kumuuliza anasema nini, wala kumuomba atufundishe. Lilikuwa jambo la aibu kidogo kwetu, kama vile senene aliokuwa akiletewa kwenye mkebe, ambao majirani wakiuona wanaziba macho.

Simu yake ilikuwa ya batani, na ndani yake kadi ndogo kama ukucha. Darajani kulikuwa na kijana mwenye kompyuta. Unampa kadi, unamtajia unachotaka, anakujazia. Mama alikaa pale kwenye stuli mchana kutwa kama mtu aliyekwenda kushonesha nguo. Nyimbo zilikuwa karibu sitini, na alikuwa anazipiga kwa saa zake. Baada ya alfajiri Qur'ani, kisha qasida wakati anafagia uwanja. Akiingia jikoni, Saida Karoli. Dada huyu alitoka huko huko kwao Bukoba, na mwaka 2001 wimbo wake wa Maria Salome ulivuma nchi nzima, Kihaya kimechanganyika na Kiswahili, na kwa mara ya kwanza watoto wenzetu skuli walikuwa wanaimba lugha ya mama yetu bila kujua. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny walipoutengeneza upya wakauita Salome, tulimpelekea mama mbio tukadhani tunampa habari mpya. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wameuvalisha nguo za mjini," akarudi kwenye sufuria yake.

Jioni ilikuwa taarabu, na hiyo aliirithi kwa baba. Baba alikuwa mtu wa Malindi, yaani wa Nadi Ikhwan Safaa, kile kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905. Alikuwa haachi kusimulia habari za Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyetembeza vyungu, akaja kupanda meli mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, mpaka Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Kwenye kadi ya mama Siti alikuwepo mara mbili, na sauti inakwaruza. Bi Kidude alikuwepo zaidi. Alipofariki Bi Kidude, Aprili 2013, mama alipiga Muhogo wa Jang'ombe mara moja tu, akazima simu.

Halafu zilikuwepo za nanga. Nanga ni kinanda cha Wahaya cha ubao uliochongwa kama mtumbwi mdogo, nyuzi zimepita juu yake, na mpigaji anaghani habari za wafalme na mashujaa wa zamani. Profesa Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amezichunguza tenzi hizo kwa miaka mingi, nasi tumekuja kujua baadaye kwamba ni hazina. Wakati ule tulijua tu kwamba ni mzee anasema, kinanda kinajibu, na mama hataki kusemeshwa. Alizipiga mchana, nyumba ikiwa kimya, baba kalala.

Siku moja tu tunakumbuka nyumba haikuwa na wimbo kabisa, si ya kadi wala ya mdomo, maana kadi haikuwepo bado. Ilikuwa Mei 1996, ilipozama MV Bukoba ikitoka Bukoba kwenda Mwanza na watu zaidi ya mia nane wakapotea. Sisi tulikuwa wadogo. Tunachokumbuka ni redio ya baba juu ya meza, na mama kaiinamia kama anayetaka kuingia ndani yake, anasubiri kusikia jina la kijiji. Ilipita miezi kabla hajaimba tena jikoni.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku ya tatu ya msiba, mmoja katika wanawake waliokuja kutufariji, mtu mwema kabisa wala hatuna chuki naye, aliiona ile simu akasema: futeni muziki, msimuache marehemu na mzigo. Mmoja wetu alikuwa chumbani, hajalala siku tatu, na maneno yale yalimuingia kama sindano. Akaichukua simu, akafuta zote. Si muziki peke yake, maana kwenye simu ile huwezi kuchagua kwa urahisi. Alifuta kila kitu, na qasida pia, na Qur'ani pia.

Mwengine alipojua, wiki ya pili, hakusema naye kwa miezi mitano.

Tunaandika hili kwa pamoja, na kila mmoja amesoma sentensi hiyo akakubali ibaki. Yule aliyefuta alifanya kwa mapenzi. Yule aliyekasirika alikasirika kwa mapenzi. Kwenye msiba watu wanagombana kwa kanga na kwa pete, sisi tuligombana kwa nyimbo sitini.

Mwisho tulikwenda pamoja kwa mwalimu wetu wa madrasa, mwanamke mtu mzima, asiye na papara. Hakutupa fatwa ya kuturidhisha. Alituambia wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ala za muziki, wengi wamezikataza, na kila mtu ashike anachokiamini bila kumkejeli mwenzake. Akatukumbusha kisa cha wale wasichana wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha siku ya Idi, Abubakar akataka kuwanyamazisha na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akasema awaache. Na kile cha Bi Aisha alipompeleka biharusi kwa mtu wa Ansari, Mtume akamuuliza kama hawakuchukua kitu cha kuwafurahisha, maana Ansari wanapenda furaha. Kisha akatuuliza sisi: deni la mama mmelilipa? Sadaka mnamtolea? Mnamuombea dua kila siku, au mnagombana tu? Tulitoka pale tumeinama kama watoto.

Kilichobaki kilikuwa kimoja. Kwenye WhatsApp ya yule asiyefuta kulikuwa na sauti ya sekunde arubaini na saba, ambayo mama aliituma kwa bahati mbaya. Alibonyeza kile kipaza sauti bila kujua. Unasikia kisu kinamenya ndizi, unasikia maganda yanaanguka kwenye beseni, na mama anaimba Kihaya, polepole, kama mtu aliye peke yake. Katikati linatoka neno moja tunalolijua: Unguja. Tulidhani miaka yote anausifu mji wetu. Mmoja wetu alikuwa anaisikiliza kila usiku kabla ya kulala. Mwengine hakuweza hata mara moja.

Mwaka jana, Novemba, mdogo wetu wa Rubafu, binti wa Mama Mdogo, akaposwa na kijana wa Muleba. Tukaitwa. Tulipanda boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi: Dodoma, Singida, Kahama, Biharamulo, Muleba, mpaka miguu ikavimba. Dereva alipiga Bongo Fleva njia nzima, na saa nane usiku akageukia kwaya, mungu wangu, kwa sauti ya juu kabisa. Tulitoa daftari. Mmoja ataje, mwengine aandike: nyimbo za mama, zote tunazozikumbuka. Tulifika Bukoba tumepata ishirini na tatu. Kuna nyengine hatukujua jina wala mwimbaji, tukaandika "ile ya ngoma nyingi" au "ile anayokohoa mwanzoni."

Rubafu ilitupokea kwa mvua. Tulipiga magoti mbele ya Mama Mkubwa bila mtu kutuambia. Yeye akacheka, akasema, "Shikamoo ya Unguja ni ya kusimama, wanangu, nani kawafundisha hii?" Tukamwambia tulikuwa tunaiona jikoni. Hapo akanyamaza kidogo. Tukapewa kahawa ya kutafuna, tukaketi juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa, harufu yake ukiisikia mara moja huisahau. Usiku watoto walikuwa wanakimbia na ndoo chini ya taa ya umeme kukamata senene, na safari hii tulikula na kuomba tuongezewe.

Habari ya muziki wa harusi ilikuwa imeshaharibika kabla hatujafika. Biharusi alikuwa na orodha yake kwenye simu, nyimbo arubaini, kazipanga kwa hatua: za kuingia, za kukata keki, za kuwachezesha mawifi. Alishapata na kijana wa spika kutoka mjini. Upande wa bwana harusi wakaleta ujumbe, kwa adabu kabisa, kwamba wao hawataki ala yoyote isipokuwa dufu. Mtoto kalia siku mbili. Mmoja wetu alikuwa upande wake, akisema harusi ni yake. Mwengine alisema ndoa haianzi kwa kuvutana na wakwe juu ya spika. Mnaweza kukisia nani ni nani, na mnaweza kukosea.

Hapa tuseme neno kwa mabiharusi. Mnaulizana kuhusu mahari, nyumba, kazi, hata rangi ya mapazia. Muulizeni mchumba na suala la muziki mapema. Kuna nyumba redio haizimwi na kuna nyumba haiwashwi, na zote zina watu wa heri, lakini mtu aliyezoea moja akiingizwa katika nyengine bila kuambiwa huumia kila asubuhi. Mdogo wetu aliujua msimamo wa wakwe zake siku sita kabla ya nikaha.

Usiku wa tatu, akina mama wamekaa kumenya ndizi za shughuli, yule aliyekuwa na sauti ya mama aliitoa simu. Hakupanga. Kisu kile kile kilikuwa kinalia pembeni yake, maganda yale yale yanaanguka, akaona haiwezekani asiipige. Mama Mkubwa aliacha kumenya. Mama Mdogo akashika mdomo. Tuliomba ipigwe tena, na ikapigwa mara nne, na yule wetu ambaye miaka mitatu hakuwahi kuisikiliza alikuwa amekaa pale pale, mikono imejaa utomvu, hakuweza kuinuka akimbie.

Kisha wale wazee wakaanza kubishana! Mama Mkubwa anasema kakosea, mwanzo ni wimbo wa kumtoa biharusi kwao, lakini katikati kaingiza kipande cha wimbo mwengine kabisa, wa kulimia. Mama Mdogo anasema hakukosea, bibi yao alikuwa anauimba hivyo hivyo. Walikwenda kwa Kihaya nusu saa, na sisi tunageuza vichwa huku na huku. Walipochoka wakatueleza. Wimbo ule wanawake wanamuimbia binti anayeondoka, na ndani yake panatajwa mji anakokwenda. Mwimbaji anatia jina la mji kufuatana na safari. Kwa hiyo ile Unguja haikuwa sifa. Mama alikuwa anaurudia wimbo alioimbiwa yeye siku aliyochukuliwa, miaka yote hiyo, mbele yetu, huku anapika ndizi, nasi tunamuambia, mama punguza sauti tunasoma.

Mama Mkubwa aliuliza kama tunataka kusikia ulivyo hasa. Akaanza. Wengine wakapokea, na biharusi, aliyekuwa kanuna kwenye mkeka tangu asubuhi, akasogea karibu. Panapotajwa mji walitia Muleba. Hakuna ala, hakuna spika, ni wanawake na makofi yao ndani ya uwanja wa nyuma. Siku ya shughuli waliuimba tena kwa dufu, na hakuna mkwe aliyelalamika. Hatutaki kuwadanganyeni kwamba biharusi alisahau orodha yake. Hakusahau. Aliipiga yote siku ya tatu, kwenye simu, mlango umefungwa, sisi na wenzake tukacheza mpaka jasho, na mumewe kwa alivyotuambia hana tatizo na hilo. Tatizo lilikuwa la baba zake wadogo.

Zile za nanga nazo zina kisa. Mama Mkubwa alikumbuka kwamba kaka yao, marehemu sasa, ndiye aliyerekodi kutoka redioni kwenye kaseti na kumtumia mama Unguja, na kwamba mwenyewe alibaki na nakala. Tuliipata ndani ya bati la biskuti pamoja na vitambulisho vya zamani. Mwalimu mmoja jirani alikuwa na redio ya kaseti inayofanya kazi. Tukajazana sebuleni kwake kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani, akabonyeza, na ukatoka mpira. Simba na Yanga. Mjomba alirekodi mpira juu ya nanga! Tulicheka mpaka mwalimu akaogopa. Tukauacha uende, mpaka filimbi ya mwisho, na baada ya mtangazaji kuaga, kulikuwa na dakika tatu hivi za mwisho wa mkanda ambazo mjomba hakuzifikia. Yule mzee anasema, kinanda kinajibu. Tulizirekodi kwa simu mbili, tusije tukapoteza tena.

Wimbo wa biharusi tulijaribu kuurekodi pia. Asubuhi ya kuondoka tulimuomba Mama Mkubwa auimbe peke yake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ule usio na makosa kwa mujibu wake. Akakaa vizuri, akajifunga kanga, akaanza, na mvua ya Novemba ikaanza naye. Nyumba ni ya bati. Hakukubali kurudia, alisema mtu anayesafiri haimbiwi mara mbili.

Orodha ya mama sasa ina vitu arubaini na moja. Baadhi tulivipata kwa wale wazee, vyengine kwa kijana wa Darajani, ambaye ni baba wa watoto sasa, na alimkumbuka mama kwa jinsi alivyokuwa akimsubirisha. Tumezipanga kwa saa zake: baada ya alfajiri, kufagia, jikoni, mchana, jioni. Qur'ani iko peke yake, hatukuichanganya. Zile sekunde arubaini na saba ziko mwisho wa jikoni. Ya mwisho kabisa tumeiita "Mvua, Rubafu." Ni dakika nne za mvua juu ya bati. Ukiweka sikio unasikia sauti ya mwanamke kwa mbali, huwezi kushika neno isipokuwa moja, karibu na mwisho, na hilo hatujakubaliana bado kama ni Muleba au ni Unguja. Yule aliyefuta ndiye anayeipiga zaidi. Huipiga akinyoosha nguo za watoto za skuli, Jumapili usiku.